Kidonda Nilichorudi Nacho Bagira

Walionisoma Jumamosi iliyopita wananijua tayari. Kwa yule anayenikuta leo, nitasema kwa ufupi.

Naitwa Adolphine. Baba yangu alichimba dhahabu Kamituga, na sisi ni Walega. Niliolewa Bukavu na Lucien, Mushi kwa kabila, karani wa kampuni moja ya kahawa, tukapata nyumba Bagira, upande wa kwenda Kasha. Mimba zangu mbili za kwanza zilitoka. Ya tatu ilifika, lakini uchungu ulinishika siku mbili na mtoto hakutoka, mpaka dokta mzungu akanipasua tumbo. Niliishia pale nilipofungua macho nikaambiwa ni msichana, na yuko hai.

Hiyo ilikuwa mwanzo wa Oktoba 1957. Yaliyofuata ndiyo ya leo. Mengine ni aibu ya wengine. Moja ni aibu yangu mwenyewe, na nimekubali liandikwe.

Nilikaa hospitali wiki mbili. Siku ya kutoka, sista alinisimamisha mlangoni akanipa makatazo. Nisibebe maji. Nisibebe kuni. Nisitwange, nisiiname kufagia, nisipande mlima, kwa mwezi mmoja na nusu. Nibebe mtoto tu.

Nilimwuliza hizo kazi nani atafanya. Akasema, familia yako.

Familia yangu ilikuwa Kamituga, mwendo wa siku nzima kwa kamyo kama mvua haikukata barabara. Mwezi ule ilikuwa imeikata.

Lucien alikuja kunichukua na kamyoneti ya kukodi. Kila shimo alimwambia dereva apunguze. Nyumbani alinilaza, akamfunika mtoto, akaenda jikoni kupika bugali mlango ukiwa umefungwa, ili wanaume wa avenyu yetu wasimwone. Alifua nguo za mtoto akazianika ndani, juu ya kamba, zikawa zinatudondokea kichwani. Siku tatu alinitunza hivyo.

Ila hakunitazama machoni. Nilidhani anaogopa kidonda.

Siku ya tatu jioni alisema bosi anamtuma Shabunda, kuna depo mpya inafunguliwa, na atarudi baada ya wiki tano au sita. Nilimwambia asubiri kwanza mama yake afike. Akasema gari haisubiri mtu. Akamwangalia Jeanine kwa muda mrefu. Hilo ndilo jina tulilompa mtoto. Mimi aliniwekea mkono juu ya kichwa, kama padri, akatoka na sanduku lake.

Mama mkwe, jina lake M'Bulonza, alifika kesho yake kutoka kwao Ngweshe, mwanamke mrefu mwenye maneno machache. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Mashi yangu, lugha ya kwao, ilikuwa kidogo zaidi. Alinipikia uji wa mtama mzito, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza. Mtoto alimwosha vizuri kuliko sista. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke hospitali nililala nikijua kuna mtu mwingine anayesikiliza mtoto akilia.

Siku ya tatu alinisaidia kuoga, akaona mshono. Ulianza chini ya kitovu ukateremka. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mutoto alipita hapa?"

"Njo hapo, mama."

"Na bengine batapita wapi?"

Nilicheka, ingawa kucheka kuliniuma, nikamwambia Mungu atawaonyesha njia. Yeye hakucheka. Alimaliza kunimwagia maji, akanifunga kitenge, akatoka.

Kesho yake asubuhi alifunga mzigo wake. Alisema majani yamejaa katika maharagwe yake, lazima akapalilie. Mlangoni alilia. Nilidhani analilia mjukuu.

Tukabaki wawili.

Kutoka kitandani ilikuwa kazi yenye hatua zake. Nilijifunza kugeukia ubavu, kushusha miguu kwanza, kusukuma godoro kwa kiwiko, na mkono mwingine kushika tumbo kana kwamba litamwagika. Kabla sijasimama Jeanine alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Nilikuwa nikimwambia, ninakuja, ninakuja, na kutoka kitanda hadi kikapu chake zilikuwa hatua nne.

Mwanzoni Eulalie alinisaidia. Ni jirani tuliyeshiriki naye ukuta mmoja, nyumba zile za Bagira mnazijua. Kila asubuhi aliniletea ndoo ya maji kutoka kwenye robine, bomba la mtaa wetu. Siku moja akaomba aone kovu. Nilimwonyesha, maana alikuwa ameniletea maji.

Kesho yake alikuja na wawili. Kesho kutwa walikuja watano. Waliketi karibu na mlango, kama watu wanaotaka kuondoka haraka. Mmoja aliuliza kama kweli wazungu waliacha kitu ndani. Mwingine aliuliza kama mtoto wa namna hii ana kitovu. Nikamfunua Jeanine wakatazama kitovu, wakaridhika. Mwanamke mmoja mzee alisema bibi wa siku hizi wana bahati, wanalala tu na mtoto anatolewa. Wengine wakaitikia.

Hakuna aliyeuliza kama nimekula.

Walipokwisha kuona, hawakurudi. Wiki iliyofuata hata Eulalie hakuleta maji. Alinieleza kupitia ukuta, kwa sauti ya chini. Yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi sita, na mume wake alikuwa amemkataza kuingia kwangu mpaka azae, asije akachukua bahati yangu mbaya. Aliniomba nisikasirike. Nilimwambia sikasiriki.

Tangu hapo nilikuwa nawasikia tu. Nilijua wanakula nini, nilijua siku ambayo mume alichelewa, nilijua wimbo Eulalie aliomwimbia kifungua mimba wao. Jioni nilisogeza kiti karibu na ukuta ule. Nilikuwa nikijibu maswali ambayo hawakuniuliza mimi, polepole, ili wasisikie.

Ndugu wasomaji, mtu anaweza kukaa katikati ya nyumba mia na asiitwe jina lake siku nane. Nilihesabu.

Siku ya tisa pipa lilikuwa tupu na nguo za mtoto hazikuwa na moja safi. Nilimlaza Jeanine, nikaenda robine mwenyewe. Nilichota nusu ndoo tu. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walinipisha, hiyo lazima niiseme, lakini hakuna aliyechukua ndoo mkononi mwangu. Nilipofika mlangoni nilisikia kitu cha moto kikiteremka tumboni. Mshono ulikuwa umefunguka upande wa chini.

Kwa siku mbili nilifunga kitambaa nikajidanganya. Siku ya tatu kitambaa kilinuka. Nikamchukua Jeanine mikononi, maana mgongoni sikuweza kumfunga, nikaenda dispensari nikipumzika kila pembe ya njia.

Aliyenipokea alikuwa infirmier, muuguzi wa pale, jina lake Isidore, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisafisha kidonda. Kisha akasoma jina la baba yangu kwenye kadi akaniuliza, kwa Kilega, kama kweli ni mtu wa Kamituga.

Nililia. Hakikuwa kidonda. Ilikuwa zaidi ya mwezi sijasikia lugha ya kwetu.

Aliniambia nisitembee tena. Yeye akimaliza kazi hupita njia ya kwetu kwa baiskeli, atakuja kunifunga kidonda kila baada ya siku mbili.

Na alikuja. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaacha mlango wazi kabisa ili kila apitaye aone, akanawa mikono. Kila mara aliuliza mambo matatu. Umelala namna gani? Umekula nini? Mtoto amenyonya vizuri? Kisha alifungua bandeji, akasafisha, akafunga, akaondoka. Haikufika nusu saa.

Ile nusu saa ndiyo iliyokuwa wiki yangu. Siku asiyokuja nilikusanya majibu. Nilipika mboga ya lengalenga na ndagala, dagaa za Uvira, ili akiuliza nimekula nini, nipate la kusema. Siku ya kuja kwake nilisuka nywele. Mume wangu sikumsahau, na Isidore hakunigusa kuliko kazi yake ilivyotaka. Nilitaka kuulizwa nimelala namna gani. Basi.

Katikati ya Novemba kidonda kikaanza kufunga. Isidore alifurahi. Alisema akija mara mbili tena itatosha.

Sasa nasema lile langu. Asubuhi iliyofuata nilikaa kitandani nikafungua bandeji, na kwa ukucha nikabandua gaga la kidonda changu mwenyewe. Niliuma meno, nikabandua mpaka damu ikatoka. Kisha nikafunga tena kama alivyofunga yeye.

Alipokuja aliona. Akasema kidonda hiki kimeguswa. Nikamwambia mtoto alinipiga teke. Mtoto mwenyewe alikuwa na wiki sita.

Hakunibishia. Alisafisha upya, polepole kuliko siku zote, na alipomaliza akaketi kwenye kiti cha Lucien, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja. Nadhani alifikiri amejua ninachougua.

"Mama Jeanine," akasema, "ninajua inauma kwamba hautazala tena. Lakini huyu uko naye. Kuna bamama banatoka kule mikono mitupu."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamwuliza nani amesema sitazaa tena.

Uso wake ulibadilika. Aliinuka, akaketi tena. Akaomba nimpe kadi ya hospitali. Ilikuwa chini ya godoro, nilikuwa nimeilalia wiki zote zile. Mimi nilisoma kwa masista, lakini Kiswahili tu, na kadi ilikuwa ya Kifaransa. Alinisomea akiweka kidole chini ya kila neno. Tumbo la uzazi lilikuwa limepasuka. Mimba nyingine ingeniua. Kwa hiyo walifunga mishipa ya uzazi, siku ileile, nikiwa nimelala. Na mwishoni kulikuwa na mstari mmoja: mume ameelezwa, amekubali, ametia sahihi.

"Nilizani banakuambia," alisema Isidore. "Maman, nilizani unajua. Unisamehe."

Alikuja mara moja tu baada ya hapo. Kidonda kilikuwa kimefunga, sikukigusa tena. Alinipa mkono, akaniambia sasa naweza kumfunga mtoto mgongoni, akapanda baiskeli yake. Hakuwa na sababu ya kurudi, na mimi sikumtafutia nyingine.

Siku tatu nilizungumza na Lucien asiyekuwepo. Mwanzoni nilimtukana. Siku ya pili nilianza kumwelewa. Aliitwa kwenye korido ile, akapewa kalamu, akaambiwa achague, na akachagua mimi niishi. Ndiyo maana hakunitazama machoni. Alibeba neno lile peke yake mpaka Shabunda. Siku ya tatu nilikuwa nimekwisha kumsamehe, nikawa na haraka ya kumwambia. Nilipanga hata maneno: ungeniuliza mimi, na mimi ningetia sahihi.

Ijumaa asubuhi, tarehe ishirini na mbili, nilioga, nikamfunga Jeanine mgongoni kwa mara ya kwanza, nikapanda kamyo ya wafanyakazi inayoteremka mjini. Nilitaka kujua tu gari ya Shabunda inarudi siku gani.

Ofisi ya kampuni ilikuwa Ibanda, karibu na ziwa. Kwenye chumba cha mbele alikaa karani kijana mwenye tai, mashine ya kuandikia mbele yake, na kibao cha jina: Stanislas. Jina lile nilikuwa nimelisikia kwa Lucien mara nyingi, ingawa nyumbani kwetu hakuwa amefika. Nilimsalimu, nikamwambia ninamtafuta Lucien, yule aliyetumwa Shabunda.

Alijibu kwa adabu kwamba Shabunda kampuni haina kitu. Akaniuliza mimi ni nani wa Lucien.

"Miye njo bibi yake."

Aliacha kuandika. Alitazama uso wangu, kisha miguu midogo iliyotokeza ubavuni mwangu. Akainuka akafunga vizuri mlango wa ndani, ule wa bosi.

"Bibi ya Lucien alikufa," akasema. "Alikufa ku hospitali mwezi wa kumi, yeye na mutoto. Tuliomba misa yake, sisi bote ba hapa."

"Miye njo Adolphine."

"Njo jina lilisomwa mu misa," akasema Stanislas.

Alinipa kiti chake mwenyewe, akabaki amesimama, na akanieleza kila kitu kwa sauti ya kunong'ona. Lucien alikuja kazini katikati ya Oktoba, macho mekundu, akasema Mungu amewachukua wote wawili na amekwisha kuwazika. Wenzake walilia naye. Bosi alimpa likizo akapumzike kwao Ngweshe. Hakuna aliyekwenda kuuliza Bagira, maana wao walikaa Kadutu, upande mwingine wa mji, na nani anahakikisha kifo cha bibi ya mwenzake?

Nilimwuliza Lucien anafanya nini Ngweshe siku zote hizi.

Alivuta droo ya meza, akaifunga bila kutoa kitu. Akasema Lucien alirudi siku moja, mwanzo wa mwezi huu, kuomba barua. Alitaka karatasi ya kampuni yenye mhuri, inayosema kwamba yeye ni mjane, aionyeshe padri wa kule.

"Ile barua," alisema, "miye njo niliipiga na hii mashine. Bosi akatia sahihi."

"Barua ya kufanya nini?"

Nilikuwa najua. Nilitaka tu mtu mwingine aseme.

"Ndoa, maman. Banatangaza mu kanisa Jumapili tatu. Mbili zimepita. Ya tatu ni kesho kutwa, na harusi ni Jumatatu, mbele ya Adventi, maana mu Adventi hakuna harusi." Akafuta jasho. "Tuliona ni haraka. Alisema mama yake amezeeka, anataka kuona bajukuu. Aliniomba miye nikuwe shahidi."

Jeanine aliamka akalia. Nilimshusha, nikampa titi palepale, katika kiti cha karani, katikati ya makaratasi ya kahawa. Stanislas aligeukia ukuta. Nilikuwa nimekuja na msamaha wangu wote, na sasa sikujua niuweke wapi.

Nilimwambia asimame kesho kutwa mbele ya padri aseme alichokiona leo. Nilimwona akifikiri. Barua ya uongo ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake, na sahihi ya bosi wake, mzungu, ilikuwa chini yake. Alikuwa na kazi nzuri, tai, na labda watoto wa kulisha.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Bosi alitokeza, mikono ya shati imekunjwa, kalamu sikioni. Aliniona, akamwona mtoto, akamwuliza Stanislas kwa Kifaransa mwanamke huyu ni nani.

Kifaransa changu ni kidogo, lakini swali nililielewa, na jibu pia nililielewa.

"Ni dada yangu, bwana," alisema Stanislas. "Ametoka kijijini. Anaondoka sasa hivi."

Bosi aliitikia kwa kichwa, akashika kitasa kurudi ndani. Stanislas alinitazama kwa macho ya kuomba.

Nilimtoa Jeanine kwenye titi, nikasimama, nikamwita mzungu yule kabla mlango haujafungwa: "Bwana, miye njo Adolphine, bibi ya Lucien."